Mapeasi yakikugomea jikoni: anza na shingo

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Ukifika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ukaomba pera, utapewa mapera yetu yale yenye mbegu ngumu, ambayo watoto hupanda mti kuyachuma. Mimi nazungumzia peasi: tunda lenye shingo nyembamba na tumbo pana, ambalo wauzaji wengi wa mjini hulitaja kwa Kifaransa, puare. Mengi tunayoyanunua hapa yanatoka Afrika Kusini, yamepita Zambia na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa. Maana yake, yamekaa kwenye baridi, yakasafiri kwenye joto, yakaingia tena kwenye baridi, na mwisho yakapangwa juu ya meza ya mama muuzaji kwenye jua. Safari hiyo ndiyo mzizi wa nusu ya matatizo nitakayoyaeleza.

Ninaoka nyumbani, mtaa wa Katuba, mara kwa oveni ya umeme, mara kwa mbabula (jiko la makaa). Majirani wananijia na chombo mkononi: "Yaya, gato yangu iko na maji ndani, juu ya nini?" Yaani, keki yangu ina maji ndani, kwa nini? Karibu kila mara najibu kwa swali: siku ulipolikata peasi, shingo yake ilikuwa laini kiasi gani? Asiyejua, tunaanza upya, kwa sababu peasi la Jumatatu na peasi hilohilo siku ya Alhamisi ni vyakula viwili tofauti. Moja linavumilia sufuria nusu saa bila kuvunjika, jingine linayeyuka kabla maji hayajachemka.

Jinsi ya kuiuliza shingo

Peasi huiva kutoka ndani kwenda nje. Ukingoja hadi tumbo liwe laini, moyo wake umeshapita. Kwa hiyo usibonyeze tumbo. Weka kidole gumba karibu na kikonyo, pale shingoni, ubonyeze polepole.

Shingo ikiwa ngumu kama kiazi kibichi, subiri. Ikibonyea kidogo tu, kama ncha ya pua yako, hilo ndilo peasi la kupika: la kuchemsha kwenye sharubati ya sukari, la tarti (pai ya wazi juu), la keki ya vipande. Ikibonyea bila kubisha na harufu imejaa chumba, ulile hivyohivyo au upike konfitiri (jemu). Tumbo likiwa limelainika, limebakiwa na kazi moja: kupondwa, tena siku hiyohiyo.

Rangi itakusaidia kwa aina moja, itakudanganya kwa nyingine. Williams hugeuka kutoka kijani hadi njano, na unaweza kuiamini. Packham's inaweza kubaki na ukijani huku ndani imeiva kabisa. Forelle, ile ndogo yenye shavu jekundu, ni nyekundu tangu mtini, kwa hiyo uwekundu wake haukuambii lolote. Tazama upande wa pili, ule wa kijani, kama umeelekea njano.

Na usimlaumu muuzaji kwa kukuuzia tunda gumu. Peasi huchumwa likiwa limekomaa lakini gumu, kwa makusudi. Likiachwa liivie mtini huwa la ungaunga, lenye chengachenga, na mara nyingi huanza kuoza moyoni.

Limekaa wiki nzima mezani, bado gumu

Tazama msimu kwanza. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni wa baridi kali, na tunda lililo kwenye sakafu ya saruji halina haraka. Hamishia mapeasi kwenye chumba chenye joto la wastani, digrii 18 hadi 22 hivi, yatie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu moja, ufunge. Ndizi hutoa gesi ya ethilini, ambayo ndiyo inayoliambia tunda liive. Angalia kila siku. Usitumie mfuko wa plastiki: unyevu hauna pa kutokea, na utafungua ukute ukungu.

Mwezi wa kumi tatizo ni kinyume chake, na wengi hawalitegemei. Joto likizidi digrii 30, peasi haliivi sawasawa; linabaki kama mpira, au ngozi inageuka njano huku nyama haina utamu. Jikoni chini ya mabati saa nane mchana ni mahali pabaya kabisa. Yaweke kivulini, chini, chumba ambacho hakina mbabula.

Sababu nyingine ni aina. Mapeasi mengi yanahitaji kipindi cha baridi kabla hayajaweza kuiva, na Forelle inahitaji kirefu kuliko nyingi, kama wiki 12 kwenye chumba cha baridi. Ukipata iliyotolewa mapema, itakusumbua. Itie friji wiki moja au mbili ndipo uirudishe mezani na ndizi yake.

Lakini kama shingo imeanza kukunjamana na bado ni ngumu, tunda hilo lilichumwa changa mno. Halitaiva. Likwangue uliweke kwenye mchuzi wa nyama ya nguruwe au ya kuku, mahali pa karoti. Kwenye keki litakuwa kipande cha ubao.

Nje zuri, ndani kahawia

Limekaa ghalani kupita muda wake, au lilipata joto njiani. Kata katikati unuse. Kama kahawia ni duara dogo kuzunguka mbegu na hakuna harufu ya pombe, ondoa kwa kijiko utumie kilichobaki. Kama imefika nusu ya nyama, au inanuka kama kitu kilichochacha, tupa. Sukari haifichi ladha hiyo, na kuoka kunaizidisha. Ninaponunua kilo tatu au zaidi naomba muuzaji akate moja mbele yangu, na nalilipia. Sijawahi kuona muuzaji akikataa akishaelewa kwamba nalilipa.

Kuna mchanga mdomoni

Si mchanga, na hukukosea kuosha. Nyama ya peasi ina seli zenye kuta ngumu za lignini, kitu kilekile kinachoipa mbao ugumu, ndiyo maana wataalamu huziita seli-mawe. Yale mapera yetu pia yanazo. Ule mkwaruzo unaoujua tangu utotoni ndio huohuo. Kupika hakuziyeyushi hata ukichemsha saa mbili.

Zimejaa zaidi kuzunguka moyo na chini tu ya ngozi. Kwa hiyo menya kwa unene kidogo kuliko unavyomenya kiazi, na ukitoa moyo usiwe bahili: chukua kijiko cha chai, uchimbe duara pana, kisha ufuate ule uzi unaopanda hadi kikonyo uutoe wote. Kwa konfitiri laini, pitisha kwenye chujio la matundu madogo. Keki ya vipande haihitaji kuchuja, maana mkwaruzo kidogo ndani ya keki hausumbui mtu.

Yamegeuka kahawia kabla sijawasha moto

Kisu kinapopasua seli, kimeng'enya kilichomo hukutana na hewa na kuanza kazi. Asidi hukizuia, joto hukiua. Bakuli la maji lita moja na vijiko viwili vya maji ya ndimu linatosha. Tumbukiza kila kipande mara ukikata. Usiyaloweke zaidi ya dakika kumi na tano, yatakunywa maji. Kama yanakwenda kwenye keki yenye mdalasini na sukari ya kahawia, acha tu, hakuna atakayeona.

Keki imeiva pembeni, mbichi kuzunguka peasi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nililipia somo lake. Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, niliagizwa keki ya komunio ya kwanza. Nilinunua mapeasi Alhamisi, magumu, nikahesabu kwamba Jumamosi yatakuwa sawa. Joto la siku mbili zile likayaivisha kupita nilivyopanga. Nikayakata, nikaona yanateleza mkononi, nikaendelea kwa sababu saa zilikuwa zimekwenda. Keki ilipanda vizuri, nikaitoa, na baada ya dakika kumi katikati ikazama kama godoro lililolaliwa. Ndani palikuwa na uji. Mtoto yule alipata keki ya ndizi niliyoikimbiza jioni hiyo, na mimi tangu siku ile nayaandaa mapeasi kabla hayajaingia kwenye keki.

Elewa kinachotokea. Karibu asilimia 84 ya peasi ni maji. Kila kipande kinapopata moto hutoa maji na mvuke kwenye unga unaokizunguka. Mahali palipo na maji mengi hapapandi joto haraka, kwa hiyo unga wa hapo unabaki nyuma wakati wa pembeni umeshakauka. Tunda likiwa bivu kupita kiasi, kuta za seli zake zimelegea na maji yanatoka yote kwa mara moja.

Dawa ni kuyatoa maji hayo kabla. Njia ninayoipenda: kata vipande vya sentimita moja, si zaidi, yeyusha kijiko kimoja cha majarini kwenye kikaango kipana, tia vipande na kijiko cha sukari, moto wa juu, dakika tano hadi nane. Mwanzoni kikaango kitajaa maji. Endelea. Maji yataisha, kingo zitaanza kugeuka rangi ya asali, na harufu itabadilika kutoka ya tunda kwenda ya karameli. Hapo epua na upoze kabisa. Vipande vya moto vikiingia kwenye unga vitayeyusha majarini na kuiamsha levire (baking powder) kabla ya wakati.

Njia ya pili ni ya mtu asiye na kikaango kipana: nyunyizia sukari vijiko viwili juu ya vipande, acha nusu saa kwenye chujio juu ya bakuli, kisha chemsha yale maji yaliyodondoka hadi yawe mazito kama asali na uyarudishe kwenye unga. Usiyamwage, kwa sababu ladha yote imo humo.

Sasa vipimo. Kwa unga gramu 250, sukari 150, mayai matatu na mafuta mililita 120, mapeasi mawili ya kawaida yanatosha, kama gramu 350 kabla ya kukaangwa. Anayetia manne kwa upendo anapata uji. Na usisahau tuko wapi: Lubumbashi ipo mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko pwani, mapovu ya levire yanavimba haraka, keki inapanda kabla kuta zake hazijakaza, kisha inaanguka. Mapishi mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa nchi za chini. Yakisema vijiko viwili vya chai vya levire ya keki, tia kimoja na robo tatu. Ongeza kijiko kimoja cha maziwa, na ukiwa na oveni yenye namba, panda digrii 10 juu ya zilizoandikwa.

Kipimo cha kijiti pia kinadanganya hapa. Kijiti kikipita ndani ya peasi kitatoka kimelowa hata keki ikiwa imeiva. Choma mahali patatu, kisha bonyeza katikati kwa kidole: ikirudi juu yenyewe, imeiva, ikibaki na shimo, rudisha dakika nane.

Umeme ukikatika katikati ya kuoka, usifungue mlango. Keki iliyokwisha kupanda na kushika rangi inaweza kumalizika kwa joto lililobaki ndani. Ile ambayo bado inatikisika ukigusa chombo haitapona. Hamishia kwenye mbabula mara moja, au ukubali hasara mapema.

Vipande vyote vimezama chini

Unga mwepesi au vipande vikubwa. Watu husema uvizungushe kwenye unga mkavu kwanza. Inasaidia kidogo tu. Kinachosaidia kweli ni unga mzito unaodondoka kwenye mwiko kwa kishindo badala ya kutiririka, na kupanga nusu ya vipande juu baada ya kumimina badala ya kuchanganya vyote.

Chini imeungua, juu bado rangi ya unga (kwa wanaooka kwa makala, yaani makaa)

Makala ni mengi chini. Kuoka si kuchemsha. Moto mwingi unatakiwa juu. Sufuria nene, mchanga mkavu vidole viwili ndani yake chini, chombo cha keki juu ya vijiwe vitatu ndani ya sufuria, mfuniko bapa wa chuma, na makala juu ya mfuniko. Mimi hugawa hivi: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Makala yawe yameshika majivu meupe, si yanayowaka miali. Keki ya mapeasi ina sukari ya ziada iliyotoka kwenye tunda, kwa hiyo inaungua chini haraka kuliko keki ya kawaida. Ukisikia harufu ya karameli dakika kumi za mwanzo, punguza chini bila kungoja.

Tarti: ganda la chini limelowa

Maji yaleyale, mahali pengine. Oka ganda peke yake kwanza, dakika kumi na tano, ukiwa umelizuia kwa karatasi na maharagwe makavu ili lisivimbe. Likitoka, lipake ute wa yai likiwa bado la moto, urudishe dakika mbili. Ute unaziba vitundu. Kisha tandaza kitu cha kunywa maji kabla ya kupanga matunda. Ulaya hutumia lozi. Kwetu karanga zilizokaangwa na kusagwa, zikachanganywa na sukari, yai na majarini, zinafanya kazi hiyo, na kwa ulimi wangu zinapatana na peasi kuliko lozi. Gramu 100 za karanga zinatosha tarti moja ya sentimita 24.

Kwa tarti tumia mapeasi ya shingo inayobonyea kidogo tu. Kata vipande, vipange kwenye kitambaa safi, vikauke nusu saa.

Ya kuchemsha kwenye sharubati: yamevunjika, au yamekunjamana, au yamebaki magumu moyoni

Haya ni magonjwa matatu tofauti, watu huyatibu kwa dawa moja.

Yamevunjika: yalikuwa mabivu mno, au maji yalikuwa yanatokota. Sharubati inatakiwa kutetemeka tu, povu moja hapa na jingine pale. Aina pia ina neno. Packham's hushika umbo. Williams hulainika haraka, na ladha yake ni ya kuachia konfitiri.

Yamekunjamana kama vidole vilivyokaa majini: sukari ilikuwa nyingi tangu mwanzo, ikavuta maji kutoka kwenye tunda. Anza na gramu 300 za sukari kwa lita moja ya maji. Ukitaka sharubati nzito, toa matunda kwanza, kisha ichemshe yenyewe ipungue. Lakini usiende upande wa pili ukachemsha kwenye maji matupu: sukari kidogo na ndimu huchelewesha kuyeyuka kwa pektini, ile gundi inayoshikilia seli za tunda pamoja.

Magumu moyoni: yalikuwa mabichi, na ulitazama saa badala ya tunda. Peasi bivu la kupika linaweza kumaliza kwa dakika 15, gumu likataka 40. Huku juu maji yetu yanachemka kwenye digrii kama 96, si 100, kwa hiyo dakika za kitabu ni chache kuliko zinazohitajika. Chomeka ncha ya kisu kutokea chini, upande wa tako. Ikiingia kama kwenye siagi, epua, uyaache yapoe humohumo kwenye sharubati.

Yakiwa na mabaka ya kahawia upande mmoja, yalielea. Kata karatasi ya kuokea duara, itoboe katikati, uilaze juu ya matunda.

Yamegeuka waridi, na sikutia rangi

Hakuna ubaya. Peasi lina tanini zisizo na rangi. Zikikaa kwenye moto muda mrefu pamoja na asidi, sehemu yake hugeuka kuwa rangi ya jamii ileile inayofanya maua na zabibu kuwa nyekundu. Ukiipenda, pika polepole zaidi. Usipoipenda, pika kwa muda mfupi na uyapoze haraka, kwa kusimamisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi.

Rangi ya kijivu ni habari nyingine. Hiyo mara nyingi inatoka kwenye chombo, na hapa nawasihi wenzangu. Masufuria ya alumini yanayoyeyushwa kutoka vyuma chakavu, tunayoyapenda kwa uzito wake, yakipimwa katika nchi kadhaa za Afrika yamekutwa yakitoa madini ya risasi kwenye chakula, hasa chakula chenye asidi. Tunda, ndimu na kuchemsha saa nzima ni mambo matatu yanayovuta metali. Pikia bukari (ugali) humo ukipenda, lakini konfitiri ipikie kwenye sufuria ya inoksi (chuma kisichoshika kutu) au ya emeli isiyobanduka.

Konfitiri haigandi

Peasi lina pektini chache na asidi chache. Ukiiga vipimo vya konfitiri ya tunda lenye ukali utapata sharubati, na ukiendelea kuichemsha kwa hasira utapata karameli inayong'ang'ania meno.

Kwa kilo moja ya mapeasi yaliyomenywa, tia sukari gramu 650 na maji ya ndimu mbili kubwa. Mbegu za ndimu na ile nyama nyeupe ya ganda zifunge kwenye kitambaa uzichemshe pamoja. Pektini imo humo. Tufaha moja la kijani, likwanguliwe na ganda lake, linasaidia kuliko unga wowote wa dukani. Na changanya mapeasi: robo tatu mabivu kwa ladha, robo moja yenye shingo ngumu, kwa sababu tunda likiiva pektini yake inavunjika.

Wenye kipimajoto huanguka hapa. Vitabu vinasema konfitiri imeshika kwenye digrii 104 au 105. Hizo ni digrii za pwani. Kanuni yenyewe ni digrii 4 hadi 5 juu ya kiwango maji yanapochemkia. Kwetu maji yanachemka kama 96, kwa hiyo Lubumbashi konfitiri iko tayari karibu na 100. Jirani yangu mmoja aliingoja 105 hadi sufuria ikawa nyeusi, akaamini kipimajoto ni kibovu. Chemsha maji matupu kwanza, soma namba, ongeza nne na nusu, andika ukutani. Asiye na kipimajoto aweke kisahani kwenye friji: tone la konfitiri juu ya kisahani baridi, lisukume kwa kidole baada ya dakika moja; likikunja ngozi, tayari.

Ikikataa baada ya kupoa, irudishe motoni na maji ya ndimu nyingine moja, dakika tano. Ikikataa tena, iite sharubati uimimine juu ya maandazi, itapendwa vilevile.

Kwa chupa, mwinuko unadai muda zaidi. Konfitiri inayotiwa kwenye chupa safi na kuchemshwa dakika 5 nchi za chini, hapa ichemshe 10. Vipande vya peasi ndani ya sharubati, chupa za nusu lita zikijazwa moto, ni dakika 20 kule na 30 kwetu. Ndimu usiipunguze kwa ajili ya ladha, maana ndiyo inayolinda chupa.

Kastadi ya peasi na tangawizi imekatika

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ichemshe kwanza kwenye maji kidogo dakika mbili, kisha tia maji hayo kwenye maziwa. Kama hukutia tangawizi, basi moto ulipita digrii 85 na mayai yakaiva. Pika juu ya maji ya moto, ukikoroga, na epua mara kijiko kikishika utando.

Nimefanya yote, lakini halina ladha ya peasi

Harufu ya peasi ni nyepesi na hupaa mapema. Oveni inaifukuza, mdalasini inaifunika. Punguza viungo: robo kijiko cha chai cha mdalasini kwa keki nzima, karafuu isizidi moja. Tia chumvi ncha ya kisu na maganda ya ndimu yaliyokwanguliwa, kwani peasi bila ukali kidogo ni utamu mtupu. Maganda na mioyo ya mapeasi uliyomenya usiyatupe. Yafunike kwa maji, yachemshe dakika ishirini, chuja, rudisha motoni na vijiko vitatu vya sukari hadi vibaki vijiko vinne vya sharubati ya dhahabu. Keki ikitoka, bado ya moto, itoboe kwa kijiti juu kote uipake sharubati hiyo kwa burashi, polepole, hadi iishe.